Tunaenda kwenye foire kutafuta nini?



Siku ya Jumatatu, mbele ya bendera, tulisikia kwamba mwaka huu hakuna safari ya kwenda mjini Lubumbashi kwenye maonyesho ya kilimo, yale watu wote wanaita foire. Komite ya wazazi imekaa, imehesabu pesa, imeona kwamba franka za kukodi kamyo ni heri zitengeneze pompi ya maji. Prefe wetu aliongeza neno moja ambalo linatuuma mpaka leo. Alisema foire ni matembezi, na matembezi kila mtu ajilipie mwenyewe. Wenzetu wa Kemia walicheka sana. Walitutazama sisi wa Kilimo sawa watoto waliokamatwa na mkono ndani ya chungu.

Hatuandiki haya kwa kubishana na wakubwa. Pompi imekufa kweli, na sisi vilevile tunabeba bidoni toka mtoni kila asubuhi. Lakini lile neno matembezi tunataka kulijibu, kwa sababu wenye kulisema wanafikiri wamemaliza mambo, kumbe wameanza tu. Kweli foire ni matembezi. Sasa tuulize: juu ya nini watu wanatembea mbali namna ile, wanalipa mlangoni, wanasimama juani siku nzima kutazama mbuzi na majembe, vitu ambavyo wameviacha nyumbani?

Kwanza tukubali makosa yetu, maana komite wanayajua. Miaka mitatu iliyopita tulirudi toka foire na mfuko wa mbegu ya mahindi. Kwenye kibanda kulikuwa na picha ya muhindi mkubwa sawa mkono wa mtu mzima, na kijana muuzaji mwenye maneno matamu. Tulinunua. Mwezi wa 11, mvua ilipoanza, tulipanda nusu hekta nyuma ya chapeli, tukaweka mbolea ya dukani, na kwa kweli tulivuna mifuko 22 ya kilo 50. Kila mtu alitusifu. Halafu tukafanya sawa babu zetu walivyofanya siku zote: tulichagua mihindi mizuri kupita mingine, tukaitundika juu ya moshi wa jikoni, tukaipanda mwaka uliofuata. Shamba likaota kama mchezo. Mmea mmoja mrefu, mwingine mfupi, mwingine na muhindi sawa kidole. Na vile viwavi vilivyoingia Afrika mwaka 2016, vyenye kula mpaka moyo wa mmea, havikutuhurumia. Mifuko 9. Wazazi wakasema: hiyo ndiyo faida ya foire.

Yule kijana muuzaji hakusema uongo hata mara moja. Hakusema tu jambo moja, na sisi hatukuuliza. Tutarudi hapo.

Mwaka jana tulienda tena, na safari hii tulikuwa na kazi. Mwalimu wetu alitutuma kuuliza watu mlangoni: wewe unakuja kutafuta nini? Tulikaa chini ya mwembe na daftari. Mzee mmoja mwenye kinga alituambia, "Miye nakuyaka kuona kama benzangu banalima kunipita." Mama mwenye beseni ya karanga alisema, "Pa batu njo pa franka, mwanangu." Vijana wawili walikuja kuona tractere. Kijana na msichana walicheka, wakapita bila kujibu, na jibu tuliliona sisi wenyewe. Bwana mmoja alikuwa anatafuta mtu mwenye deni lake. Alisema yule mtu anaweza kukimbia nyumba yake na soko lake, lakini foire hawezi kuikosa. Tuliandika yote. Neno kujifunza tulilisikia kwa mtu mmoja tu, naye alikuwa na karatasi ya jina shingoni, mtu wa kazi.

Tulirudi na aibu kidogo. Tulifikiri daftari letu linampa Prefe haki. Lakini tulipolisoma tena jioni, jibu la yule mzee wa kinga halikutuacha. Anakuja kuona kama wenzake wanamshinda. Je, hiyo si shule? Mkulima analima peke yake, kila siku anaona shamba lake na la jirani yake tu, na jirani anapanda mbegu ileile, analia na udongo uleule. Hana kipimo. Siku moja kwa mwaka anapata mahali pa kusimama na kupima: huyu ameleta muhogo mrefu kupita wangu, anatoka wapi, udongo wake ni gani, alipanda mwezi gani? Hakuna mtu aliyemfundisha. Wivu tu ulimfundisha, wivu mzuri.

Na hii si habari ya watu wa Katanga peke yao. Kule Marekani, kwenye mji wa Pittsfield katika jimbo la Massachusetts, kulikuwa na mfanyabiashara jina lake Elkanah Watson aliyenunua shamba. Alikuwa na kondoo wawili wa aina ya merino, wenye sufu nzuri, ambao wakulima wa pale hawakuwa nao. Mwaka 1807 akawapeleka kwenye kiwanja cha mji, akawasimamisha chini ya mti. Hakuwa na muziki, hakutoa hotuba. Kondoo wawili tu. Na watu wakajaa! Watson akajiuliza: kama wanyama wawili wanaita watu hivi, mifugo ya wilaya nzima itaita wangapi? Mwaka 1810 akafanya maonyesho makubwa ya mifugo, na toka pale desturi ikaenea kwenye nchi ile, mpaka wanamwita baba wa maonyesho ya kilimo ya Marekani. Sisi tunapenda sana sehemu inayofuata. Aliona kwamba zawadi za ng'ombe na maandamano ya wanaume havitoshi, maana wanawake walibaki nyumbani. Basi wakaanza kutoa zawadi kwa nguo zilizofumwa nyumbani, na kukawa na dansi ya jioni. Dansi, wenzetu! Yule mtu alitaka sufu bora, lakini alifahamu kwamba watu hawatoki nyumbani kwa ajili ya sufu. Wanatoka kwa ajili ya watu, halafu sufu wanaikuta njiani.

Hata hapa kwetu, siku ya Jumapili ya mavuno, wakati kila jamaa inaleta sadaka ya shamba mbele ya kanisa, tuseme kweli: nani hatazami boga la jirani? Mama wa kwaya wanaimba na macho yao yanapima vikapu. Tunajua, maana tunakaa nyuma yao.

Tazama tena ni wakati gani foire zinafanyika. Kwetu mahindi yanavunwa mpaka mwezi wa 5, kisha mvua imekwisha, barabara zimekauka, mkulima ana kitu kidogo mfukoni na mikono imepumzika. Ndipo mambo yanaanza. Ndola, ng'ambo ya mpaka, maonyesho ya biashara yanakuja kati ya mwisho wa mwezi wa 6 na mwanzo wa mwezi wa 7. Dar es Salaam ni Saba Saba, tarehe 7 mwezi wa 7. Lusaka ni mwanzo wa mwezi wa 8, karibu na sikukuu yao ya wakulima, na Watanzania wana Nane Nane, tarehe 8 mwezi wa 8. Kinshasa na foire yao ya FIKIN, vilevile kipindi cha kiangazi. Hakuna mtu aliyekaa mahali pamoja na kupanga haya yote. Ni jembe lililopanga. Mtu aliyemaliza kazi ya miezi saba anataka kuona wenzake na kuonekana, na akiitwa wakati huo atakuja hata kwa mguu. Umwite mwezi wa 12, hutamwona.

Mtu atasema: siku hizi kuna telefone. Picha ya tractere, bei ya mbolea, namna ya kuua viwavi, yote yamo ndani ya telefone, ya nini kwenda? Wale wenye kusema hivi wangoje mwezi wa 6, waende kutazama mlangoni kwa mkutano mkubwa wa mines wenye kufanyika Lubumbashi kila mwaka, ule wanaita DRC Mining Week. Hao ni watu wenye telefone nzuri kupita zote, wenye karatasi za bei za kila mashine mezani kwao. Na bado wanapanda ndege, wanatoka Afrika Kusini na Ulaya, wanavaa karatasi za jina shingoni, wanatembea toka kibanda mpaka kibanda kushikana mikono. Mbona? Kwa sababu mtu hanunui mashine ya pesa nyingi kwa mtu asiyemwona macho. Hata mzee wa kinga vilevile. Mbegu ni deni la mwaka mzima, ukikosea umekosea bukari ya watoto.

Na bukari ni neno kubwa hapa kwetu. Sehemu kubwa ya unga tunaokula unatoka Zambia. Mwaka 2024 ukame mkubwa ulipiga Zambia, nasi tuliona maana yake jikoni mwa shule bila kusoma gazeti. Kama shule ina nusu hekta ya mahindi na darasa zima la Kilimo, na haijui kupata mifuko zaidi ya 9, basi hilo ni jambo la sahani, si la matembezi.

Lakini tusisifu tu. Hamu ya watu ya kutazama ina upande mwingine, na sisi Wakongomani tunaujua kwa mwili wetu.

Mwalimu wa historia alituambia habari ya mwaka 1897. Mfalme Leopold wa 2 alifanya maonyesho huko Tervuren, karibu na Bruxelles, kuonyesha Wabelgiji utajiri wa Kongo. Pamoja na pembe za tembo na mpira walionyesha pia watu. Wakongomani 267 walipelekwa kule na meli, wakajengewa vijiji karibu na ziwa la bustani, ili wageni wapite na kutazama namna wanavyopika na kupiga makasia. Zaidi ya watu milioni moja walikuja. Waliwatupia vyakula, mpaka ubao ukawekwa kusema kwamba weusi wanalishwa na kamati ya maonyesho. Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa cha baridi na mvua. Watu wetu 7 walikufa, na makaburi yao yako mpaka leo kando ya kanisa la Tervuren.

Mngefikiri kwamba walijifunza. Mwaka 1958, miaka miwili tu mbele ya uhuru wetu, Bruxelles wakafanya maonyesho ya dunia nzima, na ndani yake wakaweka tena kijiji cha Kongo, chenye mafundi wa kuchonga na kusuka nyuma ya ua. Watazamaji wakawatupia ndizi na karanga. Safari hii mafundi hawakukubali. Walikataa kutazamwa namna ile, na mwezi wa 7 wakarudi nyumbani, maonyesho yakaendelea mpaka mwezi wa 10 na kijiji kitupu. Hao ni watu wa kukumbukwa.

Mji wetu nao ulikuwa na maonyesho yake ya kimataifa, mwaka 1931, wakati uliitwa bado Élisabethville. Ulikuwa mwaka mbaya sana wa kuonyesha mali, maana bei ya shaba ilikuwa imeanguka dunia nzima na wafanyakazi wengi wa mines walikuwa wanarudishwa vijijini. Bendera zilipepea, na watu walikuwa wanafunga mizigo yao.

Tunasema haya kwa nini? Kwa sababu mwaka jana, ndani ya foire, sisi wenyewe tulifanya jambo linalofanana nalo, na tunaona haya kuliandika.

Kulikuwa na kibanda cha shirika moja, hatutaji jina. Waliweka pale mama mzee wa kijijini, wakamvalisha kitenge kipya, wakamkalisha kwenye kigoda kati ya vikapu vya muhogo, kinu na jembe la zamani. Wageni wakubwa walipita, wakasimama kando yake, picha ikapigwa, wakaenda. Hakuna aliyemwambia hata jambo mama. Nasi tukafanya vilevile! Tulipiga picha na telefone ya mwalimu, mmoja wetu akashika mchi wa kinu na kufanya mzaha, tukacheka, tukapita kwenda kuona tractere. Ile tractere ilikuwa imeoshwa mpaka inang'aa, imezungushiwa kamba, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kuigusa.

Nyuma ya saa sita jua likawa kali. Mwenzetu mmoja, ambaye viatu vilimkata, hakupata kivuli isipokuwa kile cha kibanda cha yule mama. Akamsalimu, akaomba kukaa. Mama akamuuliza, "Weye ni mutoto wa nani? Munasomaka fasi gani?" Mwenzetu akaeleza, na kwa kuwa mama aliuliza tena, akaeleza pia habari ya mahindi yetu. Mama akacheka mpaka akashika kiuno. Halafu akasema maneno ambayo tuliyaandika siku ileile: "Ile mbegu ya mu duka haikuzalikaka mara mbili. Ni sawa punda ya nusu. Ukipanda bitoto byake, kila moya anafwata njia yake. Banakuuzia, habakwambie."

Wenzetu wa Kilimo wanajua sasa jina lake: mbegu ya hibridi, yaani mbegu ya kuchanganya mihindi ya jamaa mbili zilizotengwa. Mwaka wa kwanza inazaa vizuri sana na kwa usawa. Ukitunza punje zake na kuzipanda, ule mchanganyiko unavunjika, mimea inakuwa mbalimbali na mazao yanashuka. Mtu wa hibridi lazima anunue kila mwaka. Si mbaya, ila ajue mbele ya kulipa. Kuna pia mbegu za namna nyingine, bora nazo, zenye kuchavushana zenyewe kwa upepo shambani, na hizo mkulima anaweza kuzitunza miaka kadhaa, kama anachagua mihindi toka katikati ya shamba, mbali na ukingo ambapo vumbi la mahindi ya jirani linaingia. Yule mama alijua yote haya bila kutumia hata neno moja la kitabu. Alituambia hata tuchague mimea mingi, si mitano au sita tu yenye kupendeza. Aliwahi kununua, aliwahi kulia, akajifunza.

Na haikuisha hapo. Alifungua kikapu chake, kile chake mwenyewe, si vile vya maonyesho, akatoa kipande kifupi cha tuyo la chuma, urefu wa kiganja, chenye meno manne ndani. Unashika muhindi mkavu, unausukuma ndani ya tuyo na kuuzungusha, punje zinaanguka zote, vidole haviumii. Tulimuuliza kwa nini hakuweka kitu hiki mezani watu wakione. Akajibu kwamba wenye kibanda walimkataza; walitaka vitu vya zamani tu, kwa picha.

Wazazi wetu, fikirini. Ndani ya foire nzima, kitu kimoja kilichotufaa kupita vyote kilifichwa kikapuni, na mtu mmoja aliyejua kosa letu aliwekwa pale kama sanamu. Tungeweza kurudi nyumbani na picha yake bila kujua. Mwezi wa 9 fundi wa chuma wa kijiji alitutengenezea vipande vitatu toka mabaki ya tuyo la pompi, ndiyo, ileile pompi. Mama wa jikoni wanavitumia kila Ijumaa, waulizeni. Mwezi wa 11 tulipanda mbegu ya kutunzika, na mwaka huu tumevuna mifuko 17. Si 22. Lakini mbegu ya mwaka ujao imetundikwa tayari, na hatukulipa franka hata moja kwayo. Hesabu hii komite hawakuiona, nafikiri kwa sababu sisi hatukuwapa. Kosa ni letu.

Sasa upande wa wenye kufanya maonyesho. Waingereza walipoanza maonyesho yao makubwa ya kilimo, kwenye mji wa Oxford mwaka 1839, hawakuyaacha pale. Miaka mingi yalitembea toka mji mpaka mji, mpaka yalipowekwa mahali pamoja mwaka 1963, na mwaka 2009 yakafungwa. Katika zile siku za kutembea, chama chao kilijaribu majembe na mashine mbele ya waamuzi, chuma kikalima udongo kweli, na lile lililoshinda likapewa zawadi. Ndivyo tunavyotaka. Tractere yenye kamba haifundishi kitu. Makamyo ya Lubumbashi yenye kwenda Dar es Salaam yanapita kwenye mji wa Mbeya, na madereva wameona kiwanja cha Nane Nane cha kule: mimea inapandwa mapema ndani ya kiwanja, ili siku ya sikukuu mtu aione imesimama udongoni, si kwenye picha. Ukiona mmea udongoni unaweza kuuliza: mbolea kiasi gani? Maji mara ngapi? Chokaa mliweka? Maana udongo wetu wa Katanga una ukali katika sehemu nyingi, na bila chokaa mbolea nyingine inapotea bure. Picha haijibu maswali haya.

Na bei ya mlango. Waingereza haohao mwaka 1851 walijenga London ile nyumba kubwa ya vioo kwa maonyesho ya mashine za dunia yote. Mwanzoni tiketi ilikuwa ya matajiri. Walipoishusha mpaka shilingi moja katika siku nyingi za juma, wafanyakazi wakaja kwa treni toka mbali, na kufikia mwisho walihesabu maingilio karibu milioni 6. Kwetu, mwenye shamba anasimama nje ya ukuta akisikiliza muziki, na mwenye kulipa ni mtu wa mjini asiye na hata mche wa pilipili. Halafu tunauliza kwa nini foire imekuwa mahali pa bia na mishikaki. Bia, kwa upande wetu, hatukuinywa, na wenye kueneza habari ile ya mwenzetu wa darasa la 3 wamwulize yeye mwenyewe. Alilala kwa jua.

Basi, hivi ndivyo tunavyoomba. Kamyo tumeliacha. Franka za komite ziende kwenye pompi, na tunaahidi kuchimba mtaro wa tuyo sisi wenyewe. Tunamwomba Prefe ruhusa ya Jumamosi moja tu, bila franka ya shule. Toka hapa mpaka mjini ni kilometa 14. Tutatoka kwa mguu saa kumi na moja alfajiri, kabla ya jua, na kurudi jioni pamoja na mwalimu. Pesa ya mlango itatoka kwenye nyanya zetu. Kila mwanafunzi atakuwa na daftari na maswali manne ya kumwuliza kila muuza mbegu: je, inatunzika? Inataka mbolea kiasi gani? Imejaribiwa kwenye udongo gani? Na nani jirani yetu ameipanda tayari? Picha ya mtu haitapigwa mbele ya kumsalimu na kuongea naye.

Wenzetu wa Kemia wanakaribishwa. Chokaa ni kazi yenu zaidi kuliko yetu.

Mwenye kutaka kwenda aandikishe jina lake kwa katibu wa Kilimo mbele ya Ijumaa, na alete muhindi mmoja mkavu usiopukuchwa. Tutabeba vile vipande vya tuyo tuvionyeshe njiani kwa mama wa sokoni, na kama yule mama mzee yuko tena kwenye kigoda chake, tutamwomba avitazame kama meno yamekaa sawa.

Sisi wanafunzi wa Kilimo